Nilisema Mbili

Niseme mapema, ili asiye na muda aende zake: mguu wangu wa kushoto haukurudi, na daktari ameniambia nisiungoje. Wa kulia unanisaidia. Natembea kwa magongo mawili, nafika chooni peke yangu, na siku za soko nakaa Isebania nikiuza mahindi ya kupima kwa kopo la gorogoro. Kwa hivyo msinionee huruma sana. Naandika kwa sababu kuna watu wamekaa kwenye mabenchi ya hospitali sasa hivi, migongo inawauma, wamevaa vizuri na wamenyamaza. Nawajua. Nilikuwa mmoja wao.

Kazi yangu ilikuwa magunia. Mahindi yanavuka mpaka kutoka Sirare, upande wa Tanzania, lori linasimama, na sisi saba tunapakua. Walituita vijana wa magunia, ingawa mimi nilikuwa nimeshapita arobaini na ujana ulibaki kwenye jina tu. Gunia unalipokea kwa shingo na bega, unapita nalo juu ya ubao, unalitua, unarudi. Miaka kumi na minane nilifanya hivyo. Kwa hivyo maumivu yalipoanza katikati ya mgongo, mwaka ule mvua za Aprili zilipochelewa, sikushtuka. Mpakiaji asiyeumwa mgongo ni yule aliyeanza kazi jana.

Mwanzoni yalikuwa ya asubuhi. Naamka kama nimefungwa ubao, natembea kidogo, yanapungua. Kisha yakakataa kupungua. Kijana wa duka la dawa akanidunga sindano, akasema ni mgongo wa kazi. Niliporudi akanitoa damu kidoleni, akasema ni brusela. Nikameza dawa za brusela. Zahanati nao wakasema ni taifodi, nikameza za taifodi. Watu wa huku mnajua, ukiugua lazima upewe mojawapo ya hizo, na ukiwa na bahati yangu unapewa zote mbili. Kufikia mavuno ya Agosti nilikuwa nimekonda mpaka suruali naifunga kwa kamba, na kila jioni jasho lilinitoka hata kama kulikuwa na baridi. Mke wangu Gati alikuwa ananiangalia bila kusema neno. Gati akinyamaza, ujue anapanga maneno.

Hapa lazima nieleze jambo moja kuhusu sisi Wakuria, maana bila hilo mtaniona mjinga tu. Kijana wa kwetu anatahiriwa mbele ya watu. Anasimama wima, anaangalia mbele, na ukoo mzima unamwangalia usoni. Ukikunja uso, umejiaibisha wewe na baba yako, na watu watakukumbusha mpaka unazeeka. Mimi nilisimama nikiwa na miaka kumi na minne na uso wangu haukusogea. Baba alinipa mbuzi. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyewahi kunisikia nikisema naumia. Gunia liliwahi kunivunja kidole, nikakifunga kwa kitambaa nikamaliza lori. Sisemi mila yetu ni mbaya. Nasema hakuna aliyenifundisha kwamba kuna mahali unatakiwa kuiacha nje ya mlango.

Hospitali ya kwanza, upande wa Migori, nilienda mara nne ndipo nikapigwa picha. Mara mashine imeharibika, mara mwenye mashine ameenda mazishi, mara stima zimepotea. Picha ilipotoka waliishika dirishani, wakaigeuza huku na huku, wakaniandikia barua ya kwenda kumwona daktari wa mifupa. Daktari huyo alikuwa anaonekana Homa Bay, Jumatano peke yake. Hospitali yenyewe sitaitaja, kwa sababu haikunikosea kuliko nilivyojikosea mwenyewe.

Dada yangu Robi ameolewa Rangwe, si mbali na Homa Bay. Nilienda kulala kwake Jumanne ili nifike mapema. Kulipokucha nikaoga, nikajipaka mafuta, nikavaa koti la suti ninalovaa harusini, nikapiga viatu rangi. Kwetu mtu haendi hospitali amekaa kigonjwa. Anaenda kama anaenda kuposa. Robi aliniona nikikaza mkanda, akacheka.

"Unaenda kutibiwa ama unaenda kuomba kazi?"

"Naenda mbele ya watu," nikamwambia.

Nikameza vidonge vitatu vya maumivu kwa mpigo ili niweze kukaa wima kwenye foleni. Hilo nalo liandikeni kwenye orodha ya ujinga wangu.

Saa kumi na mbili na nusu nilikuta mabenchi yamejaa vitabu. Pale mgonjwa ananunua kitabu cha mazoezi getini, kile cha watoto wa shule, na ndani yake ndimo daktari anaandika. Watu waliofika mapema zaidi waliviweka vitabu vyao kwenye benchi kimoja nyuma ya kingine, kisha wakaenda kutafuta chai. Hakuna aliyegusa cha mwenzake. Nikaweka changu mwisho, kilikuwa cha thelathini na kitu. Mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Sori alinisogezea leso yake nikalie, akanipa njugu za kuchemsha kwenye karatasi. Hakuniuliza nina nini. Alisema tu, "Kula, baba. Hapa ni kukaa." Yeye alikuwa amekuja kwa ajili ya nyonga, hiyo ilikuwa mara yake ya tano.

Karibu saa nne nikafika kwenye meza ya sista. Ndiye anayeamua nani aingie kwa daktari leo na nani apewe tarehe. Alikuwa binti mwenye heshima, amechoka, na hakuwa na ubaya wowote. Akachukua kitabu changu.

"Mzee, uko na shida gani?"

"Mgongo."

"Uchungu iko ngapi? Moja ni kidogo sana, kumi ni ile huwezi vumilia."

Nyuma yangu kulikuwa na watu zaidi ya ishirini wanasikia. Wawili walikuwa wanaume wa kwetu, niliwasikia wakiongea Kikuria. Mgongo ulikuwa unawaka. Usiku uliopita nilikuwa nimelala nimekaa, kichwa juu ya meza ya dada yangu. Na sista ananiangalia na kalamu iko juu ya karatasi.

"Mbili," nikasema.

Akaangalia koti, akaangalia viatu, akaandika. Akanipa tarehe ya Januari, miezi mitatu mbele. "Clinic imejaa, mzee. Kuna wenye wako vibaya sana." Nikamwambia asante. Nilitoka pale na fahari kidogo, Mungu anisamehe. Nilijiona nimefaulu.

Niliporudi Isebania nilimwambia Gati kwamba watu ni wengi na nimepewa tarehe. Sikumwambia la mbili. Nikarudi kwenye magunia, kwanza kumi kwa siku, kisha matano, kisha wenzangu wakaanza kuniambia nikae nihesabu tu. Kuhesabu magunia ndiyo kazi ya wazee na wagonjwa. Nilihesabu.

Januari nilienda na jua lile linalopasua midomo. Daktari hakuwepo, alikuwa ameitwa kwenye mafunzo. Sista mwingine akakusanya vitabu vyote, akaviandikia tarehe za mwisho wa Machi. Hakuna aliyebishana. Watu walichukua vitabu vyao wakaondoka polepole, na mimi nikaondoka polepole kuliko wote kwa sababu miguu ilikuwa imeanza kuwa mizito. Ilikuwa inawasha kama ya mtu aliyeikalia muda mrefu. Nikadhani ni uchovu.

Halafu mwezi wa pili likatokea jambo lililonifurahisha, na sijui kama kuna siku nitajisamehe furaha ile. Maumivu yakapungua. Kuanzia kiunoni kwenda chini upande wa kushoto, kila kitu kikawa kimetulia. Nilimwambia Gati, "Unaona, mwili unajitibu wenyewe." Hata nilikula vizuri jioni hiyo.

Jumatatu moja tulikuwa tumekaa jikoni, yeye anasonga ugali, mimi nimenyoosha miguu karibu na jiko la makaa. Gati akanusa.

"Nini inaungua?"

Tukaangalia sufuria. Tukaangalia kitambaa. Kisha akaangalia chini, akapiga kelele. Kaa la moto lilikuwa limedondoka kutoka kwenye jiko, limekaa juu ya mguu wangu, nyama inaungua, na mimi nimetulia naongea habari za bei ya mahindi. Sikuhisi chochote. Nilipoona ngozi yangu ilivyokuwa, hapo ndipo niliogopa kwa mara ya kwanza tangu utoto. Maumivu hayakuwa yamepona. Mguu ndio ulikuwa unaniaga.

Gati alinifunga kidonda. Kisha akaenda kwenye sanduku akatoa kitabu changu cha hospitali. Mimi niliishia darasa la saba. Gati alimaliza kidato cha nne, na hayo maandishi ya hospitali anayasoma. Alifungua ukurasa wa kwanza, akausoma, akaurudia.

"Mwita, hapa wameandika uchungu ni mbili kwa kumi."

Nikainama kurekebisha kitambaa cha kidonda.

"Nani alisema mbili?"

"Si waliniuliza."

"Na wewe ukasema mbili." Akafunga kitabu. "Mimi nimelala na wewe mwaka mzima nikisikia ukiuma blanketi. Najifanya nimelala ndio usione aibu. Kumbe unaenda huko kwa watu kusema mbili."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia yeye ni mwanamke, hajui mambo ya wanaume. Alilia akiwa amenipa mgongo, anasonga ugali uleule ambao ulikuwa umeshaungua. Watoto wetu walikuwa mlangoni, hawaingii hawatoki. Ile ndiyo jioni mbaya kuliko zote katika ndoa yetu, na mimi ndiye niliyeileta.

Jumatano tulikuwa Homa Bay bila tarehe. Gati alininyima koti. Alininyima viatu pia, nikaenda na kandambili na bandeji. Aliponiona nanyoosha mkono kuchukua vidonge vya maumivu, akavitia kwenye mfuko wake. "Leo waone chenye kiko," akasema. Kufika kwenye meza ya sista, yule yule wa kwanza, nikafungua mdomo na Gati akanitangulia.

"Sista, msimuulize huyu. Niulizeni mimi."

Akasema yote. Akasema silali. Akasema jasho. Akasema kaa la moto. Kisha akasema jambo ambalo nilikuwa nimemficha hata Robi, kwamba kwa wiki mbili mkojo ulikuwa unanitoka bila habari na yeye ndiye anayefua. Alilisema kwa sauti ya kawaida, benchi zima linasikia. Nilimchukia. Nasema ukweli, kwa dakika hiyo nilimchukia mke wangu kuliko mtu yeyote duniani, na kama miguu ingekuwa inatii ningeondoka. Haikutii. Sista alisimama, akachukua kitabu changu, akaingia nacho kwa daktari bila kugonga mlango. Aliyekuwa mbele ya foleni, mzee mwenye mkono uliovunjika, akasema, "Apite."

Nitapita haraka kwenye hospitali zilizofuata. Nilipelekwa Kisumu kwa picha kubwa. Ilikuwa kifua kikuu kilichoingia kwenye mifupa ya mgongo, kimeila mpaka imeporomoka na kuubana uti. Sikuwahi kukohoa hata siku moja. Nilipasuliwa mvua za Aprili zilipoanza, mwaka mmoja kamili tangu maumivu ya kwanza. Kisha nikapewa dawa za mwaka mzima na mkanda mgumu wa kiunoni, nikaambiwa nilale.

Nililala Rangwe, kwa Robi, kwa sababu ya kuwa karibu na kliniki. Nyumba ni ya shemeji yangu Ochieng, Mjaluo mrefu, fundi wa baiskeli. Miezi ya kwanza sikuweza kutembea kabisa, na choo kiko nyuma ya nyumba. Robi hana nguvu za kunibeba. Siku ya kwanza shemeji aliinama mbele ya kitanda, akanigeuzia mgongo, akasema nipande. Nilikataa. Kubebwa mgongoni na mume wa dada yangu, kupelekwa chooni, ni kitu ambacho sikuwahi kukifikiria hata kwenye ndoto mbaya.

"Panda, shemeji," akasema. "Miaka yote nyinyi Wakuria mmekuwa mkibeba ng'ombe zetu usiku. Leo wacha na mimi nibebe Mkuria mchana."

Nilicheka mpaka mkanda ukanibana. Kisha nikapanda. Alinibeba hivyo mpaka niliposimama, asubuhi na jioni, na hakuna mahali aliwahi kulitaja, hata alipokuwa amekunywa.

Mkojo uligeuka rangi ya soda ya machungwa kwa sababu ya zile dawa. Mapaja yalikwisha, nikawa naweza kuyazungushia mkono. Jirani mmoja alisikia habari ya kifua kikuu akawakataza watoto wake kuja kwetu, ingawa daktari alisema changu hakiambukizi. Robi alienda kumweleza, akarudi amenuna, akaendelea kuninywesha uji kwa kikombe chake mwenyewe. Gati alikuja kila baada ya wiki mbili. Yeye ndiye alianza kuuza mahindi, na wale vijana wa magunia walikuwa wanampakulia kwanza. Tulikuwa tunaongea habari za watoto na za biashara. La ile jioni ya jikoni hatukuligusa.

Mwezi wa Agosti kidole cha mguu wa kulia kilisogea. Robi alipiga vigelegele hadi Ochieng akaacha baiskeli ya watu akaja mbio. Kufikia Desemba nilikuwa nasimama. Kushoto kulikuwa kimya.

Nilimeza kidonge cha mwisho mwezi wa Aprili. Tukaenda kliniki, mimi na Gati. Daktari alinigonga goti, akanichoma na pini, akaniambia nisogeze, nikashindwa. Akavuta kiti akaketi mbele yangu, na daktari akiketi unajua. Akasema mguu wa kushoto utabaki hivyo.

Nikamuuliza, "Ningekuja mapema?"

"Ulikuja mapema," akasema. Alikuwa amekishika kile kitabu. Akafungua ukurasa wa kwanza, akausoma, akauficha kidogo kwa kiganja kana kwamba ni mimi nitaumia nikiuona. "Siku hii ulikuwa unatembea mwenyewe. Kama ungeingia hapa ndani siku hii, nafikiri tungeokoa miguu yote miwili." Kisha akaomba msamaha kwa niaba ya foleni, na mimi nikamwambia foleni haikuwa na kosa peke yake.

Nje, kwenye benchi, nililia. Sikujificha, sikujikaza. Mwanaume wa Kikuria, mbele ya watu, machozi mpaka kidevuni. Nilimwambia Gati nisamehe. Nilimwambia siku ile uliposema yote kwa sista nilikuchukia, na ulikuwa unaniokoa mguu mmoja. Akafungua leso kiunoni akanifuta uso. "Mimi nilijua tangu mwanzo unaumwa," akasema. "Ningesema mapema. Na mimi niliogopa kukuaibisha." Basi, tulikuwa wawili.

Ningeweza kumalizia hapo, lakini mvua za Oktoba nilirudi kwa kuangaliwa tu. Nikawa nimekaa karibu na meza ya sista nikingoja kuitwa. Akaja mtu wa rika langu, amenyoa nywele chini vizuri, shati jeupe, kalamu mfukoni. Alikuwa ametoka kuongea Kikuria kwa simu. Alisimama mbele ya meza akiwa ameshika ukingo wake, na vidole vimekuwa vyeupe. Jasho lilikuwa linamtiririka nyuma ya masikio, asubuhi ya baridi.

"Si mbaya," alimwambia sista. "Nimekuja tu niangaliwe."

Sista akaanza kuandika tarehe. Nikasema kwa sauti, "Sista, huyu anadanganya." Kisha nikamgeukia yeye kwa lugha yetu. Nikamwambia, ndugu yangu, mwambie ukweli, tazama mguu wangu, hivi ndivyo nilivyosema mimi. Watu wote walikuwa wamegeuka.

Akanitazama kutoka juu hadi chini, magongo na yote.

"Wewe ulitahiriwa kweli?" akaniuliza.

Akachukua kitabu chake mezani kabla sista hajamaliza kuandika, akatoka. Alikuwa anatembea vizuri bado. Anachechemea kidogo upande mmoja, lakini anatembea. Nikashika magongo nikamfuata, namwita, nusu Kikuria nusu Kiswahili, nikigonga watu kwenye mabenchi. Nilipofika kwenye mlango wa korido alikuwa ameshapita geti.